Ugoro wa Daktari

Baba yangu alikuwa msemaji wa rika lake. Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, magharibi ya Mlima Meru, niseme tu kwamba rika ni wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja, wakawa vijana pamoja na sasa wanazeeka pamoja. Msemaji ndiye anayesimama kikaoni na fimbo, akamaliza ugomvi wa mpaka wa shamba au wa ng'ombe aliyekula mahindi ya watu. Baba hakuwahi kupiga kelele kwenye kazi hiyo. Alikuwa anaongea chini chini, mpaka wenye kelele wenyewe wananyamaza ili wamsikie.

Siku moja, mchana kweupe, akiwa amekaa anasikiliza upande wa pili, akalala. Akakoroma mbele ya kikao kizima. Halafu mkoromo ukakatika. Kifua kinapanda, tumbo linavuta, lakini hewa haiingii, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mkono usioonekana. Kisha akashtuka kwa mguno mkubwa, akafungua macho na kusema, "Endelea, nakusikia." Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja tu hakucheka: jirani yetu, mtu wa rika lake, ambaye tangu utoto wao hawajawahi kupitisha siku tatu bila kuonana. Jioni alikuja nyumbani. Niliinamisha kichwa, akaniwekea kiganja kama ilivyo salamu yetu kwa wazee, na kabla hajakiondoa akasema, "Baba yako leo amekufa kidogo. Mpeleke hospitali."

Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki nyumbani. Mama alishafariki, kaka zangu wana miji yao. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayaeleza hapa, nikarudi kwa ng'ombe watatu, shamba la mahindi na maharage, na ndege. Maana nyumba yetu iko juu kidogo ya uwanja wa ndege wa Kisongo, na zile ndege ndogo za watalii hupita juu ya zizi letu magurudumu yakiwa yameshushwa. Mimi ni mtu wa kuota mchana. Nikikamua nilikuwa nawatangazia ng'ombe wafunge mikanda. Cheka tu, wao walikuwa wananisikiliza vizuri kuliko walimu wangu.

Usingizi wa baba nilikuwa naujua miaka mingi. Chumba changu na chake vimetenganishwa na mbao. Nilikuwa nausikia ule mkoromo unaokatika na kurudi, nikadhani wanaume wazima wote wanalala hivyo, kama wanavyoota mvi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na wala si kubwa.

Hospitali ya mjini walimlaza usiku mmoja na nyaya kichwani na kifuani. Asubuhi tukaingia kwa daktari, dada mmoja mwenye sauti ya upole, aliyemwamkia baba shikamoo kabla ya kufungua faili. Kwa hiyo shikamoo peke yake baba akamkubali. Akatueleza taratibu. Baba akilala, nyama za koo zinalegea na kuziba njia. Hewa haipiti. Mwili unamwamsha ili asife, naye hajui kuwa ameamka, na hivyo hivyo usiku kucha. Ndiyo maana mchana anasinzia. "Na moyo unachoka sana kwa kazi hiyo," akasema. Aliposema moyo aliniangalia mimi, hakumwangalia baba.

Akaweka mezani mashine ya ukubwa wa redio ndogo, yenye bomba refu na maski ya kuvaa puani.

"Hii inasukuma hewa kupitia pua mpaka kooni, ili koo lisizibe. Lakini nimeangalia pua yako, baba. Imevimba ndani pande zote mbili. Ni moshi, ni vumbi, na ni nini kingine?"

Kikopo cha ugoro cha baba kilikuwa kinaning'inia shingoni.

"Na hicho," daktari akasema, na baba akacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Ndipo akatoa kichupa cheupe chenye mdomo mrefu. Akasema ni dawa ya kupuliza puani, yenye steroidi, ya kupunguza ule uvimbe. Mara mbili kila tundu, kila asubuhi, bila kuruka siku, hata pua ikiwa nzuri. Usitegemee kitu leo wala kesho, subiri wiki moja, hata mbili. Inamisha kichwa mbele kidogo. Usielekeze katikati ya pua, elekeza upande wa sikio. Usivute kwa nguvu, maana ukivuta inashuka kooni na kupotea. Kichupa kimoja ni cha mtu mmoja, mwezi mmoja. Mimi niliandika yote nyuma ya kadi.

"Na nikipona pua, mashine naacha?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Siyo pua inayokuziba, ni koo. Dawa inafungua njia, hewa ya mashine inapita. Moja bila nyingine haikusaidii."

Mashine yenyewe haikuwa yetu. Hospitali ilikuwa nazo chache, na watu wanaozisubiri walikuwa kwenye orodha. Tulipewa kwa miezi mitatu ya majaribio. Ndani yake kuna kadi ndogo inayoandika kila usiku mtu amevaa masaa mangapi. Mwisho wa miezi mitatu wangesoma kadi. Akiwa ameivaa vizuri, masaa manne na zaidi kwa usiku, inabaki kwetu. Asipoivaa, inakwenda kwa mwingine. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza kesi, akatikisa kichwa kukubali. "Ni haki," akasema.

Tuliporudi alivua kile kikopo cha ugoro shingoni, akampa jirani. Jamani, kwa mtu wa kwetu hilo si jambo dogo. Ugoro wake alikuwa anausaga mwenyewe, tumbaku na magadi, na ulikuwa unasifiwa mpaka mnadani.

Siku za kwanza zilikuwa za aibu na vichekesho. Baba alipuliza ile dawa kama ugoro: kichwa nyuma, kidole kwenye tundu moja, halafu mvuto mmoja wa nguvu mpaka macho yanatoa machozi. Yote kooni. "Chungu," anasema. Ilibidi nimfundishe. Sasa wewe fikiria binti wa Kiarusha, ambaye hata sahani anampa baba yake kwa mikono miwili, amshike kidevu, amwinamishe kichwa na kumwambia, "Baba, elekeza kwenye sikio. Hilo siyo sikio, hilo ni jicho." Alikubali. Alifumba macho kama anayeombewa. Nilimvisha na maski, nikamfunga mikanda nyuma ya kichwa, na siku ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya bombani, "Yeyo, nafanana na nini?" Yeyo ni mama, ndivyo alivyokuwa akiniita.

"Na rubani," nikamwambia.

"Basi kaa, ndege inaondoka."

Wiki ya pili pua ilifunguka. Wiki ya tatu, sijui niielezeje wiki ile. Upande wa pili wa mbao kulikuwa na mvumo laini tu, kama upepo kwenye migomba, na mimi nililala macho wazi kwa sababu nilikuwa nausikiliza. Baba aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameshalisha ng'ombe. Alikwenda kikaoni akasimama tangu asubuhi hadi mchana na hakusinzia hata mara moja, akamaliza ugomvi wa mpaka uliokuwa umeshinda watu tangu mvua za mwaka uliopita. Nilikuwa nimekaa na akina mama nyuma. Nilijivuna utafikiri mimi ndiye niliyeumba koo lake.

Na hapo ndipo mambo yakaanza kuharibika.

Wenzake wa rika waliona. Walikuwa na desturi ya kuja kwetu Jumapili baada ya ibada, wanakaa na vigoda vyao karibu na zizi, wanakunywa chai na kupitisha ugoro mkono kwa mkono. Jumapili ile baba hakuwa na ugoro. Alikuwa na kichupa mfukoni mwa koti.

"Hiyo nini?" jirani akauliza.

"Ugoro wa daktari," baba akajibu kwa mzaha.

"Lete."

Baba akampa. Niliona kwa macho yangu, nikiwa na birika mkononi. Lazima nieleze: kwetu mtu wa rika lako akikuomba ugoro, humnyimi. Utamnyima shamba, utamnyima ng'ombe mkagombana na yakaisha, lakini ugoro, hapana. Anayemnyima mwenzake ugoro amesema kwamba yeye si wa rika lile tena. Na wale wazee wote kwangu ni baba. Ndivyo ninavyowaita na ndivyo ninavyowaheshimu. Binti hamwambii baba yake, "Rudisha hicho."

Jirani akapuliza, kichwa nyuma. Akasubiri chafya. Chafya haikuja.

"Mbona haichomi? Huu ni ugoro wa watoto wachanga!"

"Pulizia na tundu la pili, linaona wivu," akasema mwingine.

"Unanukia maua! Mzee, unataka kuolewa?"

"Huu ndio uliomwamsha kikaoni," akasema wa tatu. "Lete na mimi, nyumbani kwangu nikikaa tu nalala, mke wangu anasema nimemchoka."

Walicheka, baba akacheka kuliko wote. Kichupa kilizunguka, mpulizo huu, mpulizo ule. Jumatano mnadani kilizunguka tena. Kabla ya Jumapili nyingine kikawa kinatoa upepo mtupu.

Baba hakuona tatizo. Pua si ilikuwa imeshafunguka? Kwa siku chache ilibaki hivyo, nami nikajidanganya pamoja naye. Halafu ikafunga. Hewa ya mashine ikawa inagonga mlango uliofungwa, maski inavimba usoni, hewa inatokea pembeni na kumpuliza machoni. "Inaninyonga," alisema, akaivua. Kesho yake akaivua mapema zaidi. Nyuma ya mbao ule ukimya ulirudi, ule wa kukatika.

Nilishuka mjini. Duka la kwanza la dawa, kule Levolosi, waliniambia imeisha, mzigo haujafika. La pili walitaka kunipa ya matone, ya kufungua pua papo hapo, nikakataa kwa sababu daktari alisema hayo matone ukiyazoea pua inaziba zaidi. La tatu nikaipata. Hapo ningepanda kwenda hospitali nikamwambie daktari yaliyotokea. Hospitali haikuwa mbali. Nilisimama njia panda na kichupa mkononi, nikaona aibu. Ningesema nini? Kwamba dawa ya baba yangu imevutwa na kijiji? Nikageuka nikarudi nyumbani.

Cha pili nacho kilizunguka. Kilizunguka kwa kasi zaidi, maana sasa kilikuwa na jina. Wazee walifika wakiulizia ugoro wa daktari kabla hawajauliza habari za nyumbani.

Nilipopata cha tatu, nilikificha kwenye debe la unga. Kila asubuhi nilikitoa, nikampulizia baba mwenyewe, nikakirudisha. Hakuuliza ninakiweka wapi. Nadhani alifurahi kutojua. Usichokijua huwezi kuombwa. Tulikaa hivyo siku sita, na pua ilianza kufunguka, akawa anavaa maski masaa mawili, matatu. Nilikuwa nimeanza kuota tena.

Jumapili jirani akasema, "Binti yangu, tuletee ule ugoro wa daktari."

Nilikuwa nimesimama na sinia. Sijui kwa nini sikusema ukweli. Ulikuwa mfupi tu: Baba, hiyo ni dawa, bila hiyo mashine haifanyi kazi, na bila mashine moyo wake unachoka. Nilikuwa naujua kwa moyo kama mafundisho ya kipaimara. Lakini kuusema mbele ya wazee ingekuwa kumtaja baba yangu kama mgonjwa mbele ya rika analolisemea. Nikasema, "Imeisha, baba."

Baba akanitazama. Yeye hadanganyi. Ndiyo kazi yake, watu humwamini kwa sababu hiyo.

"Asubuhi ilikuwa imejaa," akasema taratibu. "Ilete."

"Baba..."

"Ilete, yeyo."

"Sitaleta."

Hakuna aliyetikisika. Hata ng'ombe, naapa. Kisha jirani, kwa nia njema kabisa, akajaribu kuokoa hali kwa utani. "Haya jamani, tumepata msemaji mpya. Mpeni fimbo binti, sisi tukachunge."

Walicheka wote isipokuwa baba. Niliona uso wake. Nilikimbilia jikoni nikalia juu ya debe la unga mpaka unga ukapata madonge.

Walipoondoka alikuja mlangoni. Hakuingia. "Umenivua shuka mbele ya wenzangu," akasema. "Watasema tunaficha ugoro nyumbani, na kwamba ninafundisha binti kusema uongo."

"Ni dawa yako, baba. Na mashine watakuja..."

"Kama unaipenda hivyo, vaa wewe."

Tangu jioni hiyo hakugusa dawa wala mashine. Hakunifokea. Alikula nilichopika, akanisalimu asubuhi, akaniita yeyo. Lakini nikimletea kichupa anaangalia pembeni, nikimletea maski anageukia ukutani. Zilikuwa zimebaki wiki nne kadi isomwe. Nilijaribu kila kitu nilichokijua, yaani kuomba, kulia na kupika makande anayoyapenda. Mchana alisinzia akiwa amesimama na ndoo. Siku moja nilimkuta amelala kwenye kigoda, kichwa kimeangukia kifuani, midomo ina rangi ambayo sikuipenda. Nikamtikisa. "Endelea," akasema, "nakusikia." Nilikuwa sijasema kitu.

Basi nikafanya alivyosema. Nilivaa mimi.

Nilihamisha mashine chumbani kwangu. Niliwaza hivi: kadi haina macho. Inaandika masaa. Nikiijazia masaa, mashine itabaki nyumbani, na ikibaki nyumbani siku moja hasira za baba zitaisha, nami nitakuwa nimemtunzia. Niliona ni jambo la akili sana. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa akili hiyo.

Nilikaza mikanda nyuma ya kichwa, nikabonyeza. Hewa ikaja, baridi, safi, ikaingia bila kuulizwa. Pua yangu haijawahi kuwa na tatizo, koo langu la miaka ishirini na mbili halijawahi kuziba. Niliota narusha ndege. Niliona Meru kwa chini, na ziwa la Momela, na paa letu. Kwa wiki zile tatu nililala usingizi mtamu kuliko wote wa maisha yangu, na upande wa pili wa mbao baba yangu alikuwa anakufa kidogo, anarudi, anakufa kidogo. Mvumo wa mashine ulikuwa unanizuia kumsikia. Hilo nimeligundua nikiandika sasa.

Siku ya kadi alivaa koti lake la ibada. Miadi ni miadi, alisema. Sikumwambia nilichofanya, naye hakuuliza mashine ilikuwa wapi siku zote hizo. Nilifikiri hajui.

Daktari alimwamkia, akachomoa kadi, akaichomeka kwenye kompyuta. Alitazama kwa muda. Tabasamu lilikuja, likaondoka, halafu akasogeza kiti.

"Baba, nani amelala na mashine hii?"

"Mimi," baba akasema.

"Kila siku?"

"Mimi."

Daktari aligeuza kioo ili tuone. Kulikuwa na mistari. Akaonyesha kwa kalamu bila hasira. Hapa mwanzoni mashine inafanya kazi kubwa, inasukuma, koo linaziba, inasukuma tena, halafu inatulia, vizuri sana, hii ndiyo wiki ya tatu. Hapa hewa inavuja, maski inavuliwa, masaa mawili, lisaa limoja. Hapa hakuna kitu kabisa. Na hapa, wiki tatu za mwisho, masaa manane kila usiku, na mashine haijasukuma hata kidogo. "Huyu anapumua kama mtoto," akasema. "Koo lake halijawahi kuziba. Huyu ni mtu mwingine."

Nilidhani kadi haina macho.

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi. Akasimama, na kwa ile sauti yake ya chini, ile ya kikaoni, akasema, "Ni mimi. Nilikuwa nimepona."

Sijawahi kumsikia baba akisema uongo kabla ya siku ile wala baada yake. Aliusema amenyooka, macho mbele, kwa ajili yangu. Nami nikauharibu, kwa sababu sikuweza kuuacha usimame. Nikasema yote: kichupa, Jumapili, debe la unga, mikanda ya maski. Nilisema haraka haraka huku kamasi zinanitoka, mpaka daktari akanipa karatasi ya kujifutia.

Kisha akasema maneno ambayo bado ninayo.

"Dawa ilipoisha mngekuja, ningewapa nyingine. Ningewaita hata hao wazee, ningewaeleza. Masaa machache ningeyatetea, ningesema pua ilifunga, tuwaongezee muda. Nimeshawatetea wengi hivyo. Lakini sasa nitatetea nini, mdogo wangu? Kadi ya mtu mwingine?"

Baba alikuwa amekaa na kofia magotini.

"Ni haki," akasema.

Mashine haikutoka hata nje ya jengo. Kwenye benchi la korido kulikuwa na mwanaume mnene kutoka Lemara, amelala ameegemea ukuta, mdomo wazi, na mke wake amemshikia bahasha ya vipimo. Tulipotoka muuguzi alikuwa tayari anawaita. Mke akanishika mkono, akaniuliza kama inaumiza. Nikamwambia haiumizi. Nikamwambia ainamishe kichwa cha mume wake mbele kidogo, aelekeze dawa upande wa sikio, na kile kichupa asimpe mtu. "Hata ndugu?" akauliza. Nikasema hata ndugu. Alinishukuru sana. Kilichonikera ni kwamba sikuweza hata kumchukia.

Jina la baba lilirudishwa kwenye orodha, chini kabisa. Kichupa cha dawa alipewa, kwa sababu uvimbe bado upo, na dawa haina orodha.

Jumapili iliyofuata baba mwenyewe aliwaambia wenzake. Sikuwepo, nilikuwa jikoni, lakini nilisikia vigoda vikinyamaza. Baadaye jirani alinifuata kwenye moshi. Macho yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa mwingi kiasi hicho.

"Mimi ndiye niliyekwambia umpeleke," akasema. "Mbona hukuniambia ile ni pumzi yake? Nani angeigusa?"

"Niliona aibu, baba."

"Aibu," akarudia, kama mtu anayeonja kitu. Akaniwekea kiganja kichwani, akakaa nacho pale kwa muda mrefu, halafu akaenda.

Sasa baba anatumia dawa yake kila asubuhi. Hakuna mgonjwa mtiifu kama yeye. Anainamisha kichwa mwenyewe, anaelekeza kwenye sikio, mara mbili kila tundu, anavuta taratibu, anafunika kichupa, anaandika alama ukutani kwa mkaa. Hakuna anayemwomba. Pua yake iko wazi kuliko ilivyokuwa tangu ujana wake. Juzi alisimama mlangoni akaniambia anasikia harufu ya mahindi mabichi kutoka shamba la chini, na ya mvua ambayo ilikuwa bado iko upande wa mlima. Alikuwa na furaha. "Yeyo," akasema, "naona nimepona."

Nilimwambia ndiyo, baba.

Baada ya chakula alijilaza kwenye kitanda cha kamba kilichoko barazani, nami nikaketi kando yake kuchambua maharage. Alivuta pumzi kwa pua, nzuri, ndefu, haina hata mluzi. Akavuta nyingine. Halafu kifua kikapanda, tumbo likavuta, na hakuna kilichoingia. Niliacha maharage. Nilianza kuhesabu, nikapita ishirini, na nilikuwa bado nahesabu.